Wanafaulu mtihani lakini mgonjwa mahututi akiingia wanarudi ukutani: nizifundisheje dharura?

Swali: Nafundisha uuguzi, wanafunzi 36 wa mwaka wa tatu. Karatasi ya huduma za dharura wanaifaulu vizuri, lakini wakipelekwa kwenye kitengo chenyewe wanapigwa na butwaa. Mgonjwa akiletwa hapumui vizuri, wao wanarudi nyuma hadi ukutani. Nina wiki nane, saa tatu kila wiki, midoli miwili ya mazoezi na mkufunzi mwenzangu mmoja. Nipangeje muda huu ili watoke wanaweza kushika kazi?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hawana upungufu wa elimu. Muulize mmoja wao kesho yake darasani mgonjwa yule alihitaji nini, atakutajia yote kwa mpangilio. Anachokosa ni jambo la kwanza ambalo mkono wake unalifanya bila kusubiri kichwa kiamue. Karatasini, A hadi E, yaani hatua tano za kumkagua mgonjwa mahututi, ni orodha, lakini kitandani ni mwendo wa mikono, na mwendo haujifunzwi kwa kusoma. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza utaonekana kama uvivu: punguza mada. Usijaribu kufundisha kila dharura ndani ya wiki nane. Fundisha dakika tano za kwanza za dharura yoyote, tena na tena, mpaka waanze kulalamika kwamba imewachosha. Mengine yote yatapata pa kujishikiza.

Dakika hizo tano zina umbo hili. Mwanafunzi anavaa glavu huku anatazama. Anamgusa mgonjwa bega na kumwita. Asipoitika, anaita msaada kwa sauti hapo hapo, kabla ya kugusa kifaa chochote. Anafungua njia ya hewa, na kwa muda usiozidi sekunde 10 anaangalia kama anapumua kawaida huku vidole viko kwenye mshipa wa shingo. Hapumui kawaida na mapigo hayapo, au hana uhakika: anaanza kukandamiza kifua, hakuna tena A hadi E. Anapumua: ndipo anakwenda kwa herufi, njia ya hewa (A), upumuaji (B), mzunguko wa damu (C), fahamu pamoja na sukari (D), kisha kumfunua na kumkagua mwili mzima bila kumwacha apoe (E). Damu inayotoka kwa kasi inatangulia vyote; inabanwa kwanza.

Kosa linaloua hapa ni la kutazama. Mtu ambaye moyo wake umetoka kusimama anaweza kutweta mara moja moja, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini. Mwanafunzi akiona hivyo anasema “anapumua” na kwenda kutafuta mashine ya presha. Waonyeshe video ya mgonjwa anayetweta hivyo, wiki ya kwanza, kisha uigize mwenyewe mbele yao. Wakishaiona mara tatu hawaisahau.

Kanuni ya pili ya dakika hizo: tatizo linatibiwa pale lilipokutwa, kabla ya kuvuka herufi. Mwanafunzi aliyesikia mkoromo kwenye A, akaacha, akaenda kupima presha na kuiandika kwa usahihi, amekosea, hata kama namba zote ni sahihi. Kuinua kidevu kunachukua sekunde mbili. Aliyeumia na anayeshukiwa kuvunjika shingo, anasukumiwa taya mbele bila kukunjwa shingo.

Wiki tatu za kwanza: vituo sita

Gawa darasa makundi sita ya watu sita. Kila kituo dakika 25, kuhama dakika mbili; ukipiga hesabu unabaki na dakika 20 za kufunga kipindi. Vituo ni vile vile wiki zote tatu. Wakufunzi ni wawili tu, kwa hiyo simameni kwenye vituo ambavyo kosa halionekani kwa macho ya mwanafunzi mwenzake: begi la kupumulishia na dawa. Vituo vingine vinne vinajiendesha kwa karatasi ya kukagulia, mmoja akifanya, mmoja akitia alama, kwa zamu za dakika nne.

Kituo cha kukandamiza kifua kinapata mdoli mmoja. Vipimo vinajulikana: nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kina cha sentimita 5 na kisichozidi 6 kwa mtu mzima, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi 2, na kubadilishana kila dakika mbili. Kwenye kasi, simu yenye mlio wa kupimia mwendo uliowekwa 110 inatosha. Tatizo kubwa ni mambo mawili yasiyosikika. La kwanza, wanaochoka wanaanza kuegemea: kifua hakirudi juu kikamilifu, moyo haujai damu, na mkandamizo unaofuata unasukuma kidogo. Mwambie mtia alama atazame kiganja, si uso. La pili ni mapengo ya katikati, pale mikandamizo inaposimama na kila mmoja anangoja mwenzake. Mpe mmoja saa ya kusimamisha ajumlishe sekunde ambazo hakuna mkono kifuani. Kila pengo lisizidi 10. Namba hiyo isome kwa sauti mbele ya kundi. Wajue pia kwamba godoro laini linakunyima kina bila wewe kujua: unasukuma godoro, kifua kinashuka kidogo tu. Ubao mgumu chini ya mgongo, au sakafu, na kigoda kwa mfupi.

Kama midoli miwili haitoshi, kipande cha sponji ngumu kilichovalishwa shati kinafundisha mkao, kasi na kubadilishana. Kina hakifundishi, na uwaambie hivyo. Kumkandamiza kifua mwanafunzi mwenzao ni marufuku hata kwa mzaha.

Mdoli wa pili unakwenda kwenye begi la kupumulishia, na hapa nakuomba ukae muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika. Ni kifaa ambacho kila mtu anaamini anakiweza na wengi hawakiwezi. Mkono wa kushoto, kidole gumba na cha shahada vinazunguka shingo ya barakoa kama herufi C. Vitatu vilivyobaki vinashika mfupa wa taya kama herufi E, kidole kidogo kikiwa nyuma ya pembe ya taya. Siri iko kwenye vitatu hivyo: uso unainuliwa uifuate barakoa. Mwanafunzi wa kawaida anafanya kinyume, anaisukuma barakoa chini kwenye uso, kidevu kinaingia shingoni, njia ya hewa inaziba, naye anazidi kubana kwa nguvu. Hewa inakosa pa kupita, inaingia tumboni. Mgonjwa anatapika. Na vile vidole vitatu visibonyeze nyama laini chini ya kidevu, kwani ulimi unasukumwa juu. Ni mfupa, mfupa tu.

Kiasi cha hewa ni kile kinachofanya kifua kiinuke kwa kuonekana, basi. Kwa mtu mzima ni kama mililita 500 hadi 600, wakati begi la watu wazima hubeba zaidi ya lita moja. Kulikamua lote ni kosa. Kila pumzi inachukua sekunde moja. Mwenye mapigo lakini hapumui anapewa pumzi moja kila sekunde 6. Mkono unaokamua ukiwa na woga unakwenda mara 30 kwa dakika bila mwenyewe kutambua, kwa hiyo wafundishe kuhesabu kwa sauti. Kifua kisipoinuka, mpangilio ni huu: rekebisha kichwa, kaza barakoa, weka mrija wa kinywani, fyonza kama kuna majimaji, na mapema kabisa ita mtu wa pili. Watu wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili na mwingine akamue, ni njia bora kwa wanaoanza, wala si ya walioshindwa. Mrija wa kinywani upimwe kutoka meno ya mbele hadi pembe ya taya. Mrefu mno unasukuma kidaka tonge, mfupi mno unasukuma ulimi. Akianza kukohoa au kutapika anapowekewa, utolewe.

Kituo cha tatu hakihitaji kifaa. Mwanafunzi mmoja analala na kadi iliyofichwa inayomwambia apumue mara 8, 14, 28 au 36 kwa dakika, mwenzake anahesabu. Ukikagua chati za wodini utakuta kila mgonjwa anapumua mara 18 au 20, na hiyo maana yake hakuna aliyehesabu. Upumuaji ni miongoni mwa dalili zinazobadilika mapema mgonjwa anapoharibika, ilhali ndizo tunazozibuni. Dakika nzima, saa mkononi, na mgonjwa asijue anahesabiwa.

Hapo hapo wafundishe viwango vya oksijeni kwa dakika: mirija ya puani lita 1 hadi 6, barakoa ya kawaida lita 5 hadi 10, barakoa yenye mfuko lita 10 hadi 15. Mfuko ujazwe kwanza kwa kuziba vali kwa kidole, ndipo mgonjwa avalishwe. Mfuko unaosinyaa kabisa kila akivuta pumzi unasema mtiririko hautoshi. Wakumbushe kuifungua mitungi: mwanafunzi aliyeunganisha kila kitu vizuri na kusahau kufungua valvu ni wa kila mwaka.

Kituo cha dripu kifanye kwa jaribio moja. Tundika mifuko miwili ya lita moja ya maji kwa urefu sawa, mmoja uwe na kanula (mrija mdogo wa kuingiza mshipani) ya waridi namba 20 na mwingine ya kijivu namba 16, ambayo ndiyo nene zaidi, uache maji yadondoke ndooni huku wakipima muda. Hakuna maelezo yanayoshinda kuona kijivu ikimaliza wakati ya waridi bado iko mbali. Baada ya hapo hutakuwa na haja ya kueleza kwa nini mgonjwa anayevuja damu anahitaji kanula mbili nene na fupi.

Kituo cha dawa ni cha adrenalini zaidi ya yote, kwa sababu dawa ile ile inatolewa kwa njia mbili na kosa la kuzichanganya linaweza kuua. Kuna ampuli yenye miligramu 1 ndani ya mililita 1, yaani 1:1000, na nyingine yenye miligramu 1 ndani ya mililita 10, yaani 1:10,000. Moyo umesimama: mtu mzima anapewa miligramu 1 kwa mshipa, kila dakika 3 hadi 5. Mzio mkali: mtu mzima anapewa miligramu 0.5 kwenye msuli, upande wa nje katikati ya paja, ambayo ni mililita 0.5 ya ile kali ya 1:1000. Inarudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Mwanafunzi aliyekariri “adrenalini, miligramu moja, mshipani” akimpa hivyo mgonjwa wa mzio ambaye moyo wake unapiga, anaweza kuuvuruga moyo huo. Kwa mtoto, kwenye mzio, ni miligramu 0.01 kwa kila kilo: mwenye kilo 12 anapata miligramu 0.12, mililita 0.12 ya 1:1000, na hiyo haipimiki kwa sirinji ya mililita 5. Weka mezani sirinji za aina zote uone nani anaichukua ya mililita 1 bila kuambiwa.

Ampuli za mazoezi ziwe maji, zenye lebo ya rangi isiyotumika wodini iliyoandikwa YA MAZOEZI, na zihesabiwe kabla na baada. Moja ikiponyoka mfukoni mwa koti ikafika wodini, umetengeneza dharura ya kweli.

Kituo cha sita ni simu. Mwanafunzi anampigia “daktari” na kusema mambo manne: hali ilivyo, historia fupi, anavyoona yeye, na anachoomba. Mfano: “Daktari, ni mwanafunzi wa uuguzi, chumba cha dharura, kitanda cha 3. Mwanamume wa miaka 60 anapumua mara 34, oksijeni ilikuwa asilimia 86. Amekuja na kubanwa pumzi tangu asubuhi, ana historia ya ugonjwa wa moyo. Naona anachoka. Nimempa oksijeni lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, imefika 91. Naomba uje sasa.” Wanaoanza wanasema matatu ya mwanzo vizuri kisha sauti inashuka: “...kwa hiyo ndiyo hivyo, daktari.” Ombi halijatoka. Anayeigiza daktari asiitike mpaka aombwe.

Wiki ya nne hadi ya saba: visa kamili

Sasa gawa darasa vyumba viwili, kila mkufunzi chumba chake na timu tatu za watu sita. Kisa ni dakika 8, mapitio dakika 15, kurudia dakika 5. Kwa saa tatu unapata visa sita kwa chumba, kila timu inafanya viwili na kutazama vinne. Kwa wiki nne kila timu inafanya visa vinane, hivyo kila mmoja anaongoza angalau mara moja. Majukumu yawe wazi kabla ya kuanza: kiongozi, mtu wa njia ya hewa, mtu wa mzunguko wa damu, mtu wa dawa, mwandishi wa muda, na mmoja awe mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Ndugu anayelia na kuuliza maswali anafundisha kuliko mdoli wa gharama kubwa unaopepesa macho. Mimi fedha hizo ningenunulia begi nane za kupumulishia.

Andika kisa kwa namna hii. Kijana ameletwa na wapita njia, anasemekana amelewa. Ana jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Upumuaji 16, oksijeni 97, mapigo 118, presha 138 kwa 80. Sukari ni 1.8 mmol/L, chini mno, lakini hutaji mpaka mtu aseme “napima sukari” na ashike kipimo. Ikifika dakika ya nne haijapimwa, anaanza degedege. Akipewa gramu 25 za sukari ya dekstrosi kwa mshipa, ambazo ni mililita 250 za asilimia 10 au 50 za asilimia 50, anaanza kuzinduka, na timu inatakiwa kupima tena. Utaona timu iliyolisikia neno “amelewa” ikilala nalo mpaka degedege. Somo zima liko hapo.

Shida itakuwa kwako, Mwalimu. Mkufunzi akiona kimya cha sekunde kumi anashindwa kujizuia: anakohoa, anatupa jicho kwenye kipimo cha sukari, anauliza “mna uhakika mmemaliza D?” Kimya kile ndicho wanachokwenda kukutana nacho kazini. Kaa nyuma ya kundi, si mbele.

Amri zote zitolewe kwa jina na zirudishwe. “Asha, adrenalini miligramu moja kwa mshipa.” “Adrenalini miligramu moja kwa mshipa, nachota.” “Adrenalini miligramu moja imeingia, saa nne na dakika kumi na mbili.” “Mtu alete oksijeni” haina mwenyewe; watatu wataikimbilia au hakuna.

Mapitio yaanze na namba za mwandishi, kwa sababu hazibishaniwi: msaada uliitwa sekunde ya ngapi, oksijeni ilivalishwa lini, sukari ilipimwa lini. Kisha uliza kilichokuwa kichwani: “Dakika ya pili ulikuwa unaona tatizo ni nini?” Swali la “kwa nini hukupima sukari?” linajibiwa kwa kujitetea au kwa machozi, na yote mawili hayafundishi. Chagua mambo mawili tu. Halafu timu irudie dakika tatu za mwanzo za kisa kile kile papo hapo. Wakufunzi wengi wanaruka kipande hiki muda ukibana. Bora uruke dakika tano za maneno yako. Na usimuue mgonjwa wa mazoezi kwa sababu mwanafunzi amekosea. Kifo kina kipindi chake, kikiwa kimeandaliwa na kujadiliwa.

Kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali hakuhitaji zaidi ya nusu kipindi kimoja: kadi 12, rangi tatu, dakika 10, kisha wabishane. Hakikisha kadi mbili ni za wagonjwa walio kimya, maana anayepiga kelele ndiye huwa anawahiwa.

Wiki ya nane na wodini

Mtihani: vyumba viwili, dakika 10 kwa kila mmoja pamoja na kubadilishana, wote 36 wanamalizika ndani ya saa tatu. Weka mambo machache ya kumfelisha mtu bila kujali alama nyingine: kutoita msaada, kuvuka tatizo la njia ya hewa, kutoanza mikandamizo kwa anayetweta, kutoa dawa bila kusoma ampuli kwa sauti. Aliyefeli anafanya tena baada ya mazoezi, siku nyingine na kisa kingine.

Wakienda kwenye kitengo, usiwaache watafute kazi wenyewe, kwani ukuta ndio ulio karibu. Zamu ya kwanza mwanafunzi awe mwandishi wa muda. Ana ruhusa ya kusimama karibu na kazi inayomlazimu kusikiliza kila amri. Zamu ya pili ahesabu upumuaji na apime sukari ya kila mgonjwa mahututi anayeingia. Mikandamizo na begi zifuate, muuguzi mzoefu akiwa ubavuni. Kubaliana na msimamizi wa zamu kabla, kwa maandishi mafupi, mwanafunzi yupi anaruhusiwa nini, ili anapoambiwa “toka hapo” awe na jibu.

Ustadi wa kukandamiza kifua na kupumulisha huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6, hata kwa waliofaulu vizuri. Mdoli mmoja usirudi kabatini. Uweke mahali wanapopita kila siku, na daftari juu yake, kila mwanafunzi afanye dakika mbili kila mwezi na kuandika tarehe. Ukiona kurasa ziko tupu, anza kipindi chochote, hata cha lishe, kwa kumwita mmoja mbele ya mdoli bila taarifa.